Babu Mwovu Anayependwa: Tulivyoitazama El Tigre na Watoto Wetu



Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi, tungependa kuzungumza nanyi kuhusu katuni moja iliyoingia nyumbani kwetu likizo hii na kukaa siku nyingi kuliko mgeni yeyote. Inaitwa El Tigre: The Adventures of Manny Rivera. Si katuni mpya. Nickelodeon ya Marekani ilianza kuirusha Machi 2007 na ikaimaliza Septemba 2008, vipindi 26 tu, basi. Lakini siku hizi katuni haifi. Watoto wetu waliipata kwenye simu ya binamu yao, wakacheka mpaka machozi, wakaja kutuomba tuitazame pamoja nao. Tukaitazama. Tumeona vipindi vingi, si kimoja au viwili, kwa hiyo tunayoyasema tunayasema kwa kuyaona.

Tunaandika kwa sababu wazazi wenzetu wawili watatu hapa Buyenzi walituambia tuizime mara moja. Tulipowauliza kwa nini, walitaja mifupa inayocheza gitaa, barakoa, uchawi na makelele. Hayo yote yamo, hatukatai. Lakini kwa maoni yetu kasoro kubwa ya katuni hii haiko kwenye mifupa hata kidogo. Iko mahali ambapo mtoto anacheka na mzazi naye anacheka, na hakuna anayegutuka.

Tuanze na hadithi yenyewe, kwa wale wasioijua. Manny Rivera ni mvulana wa miaka 13 anayeishi katika mji wa kubuni unaoitwa Miracle City, mji wa Kimeksiko uliojaa wahalifu kuliko maduka. Anaishi na baba yake na babu yake katika nyumba moja. Baba yake, Rodolfo, ni shujaa anayeitwa White Pantera, mtu wa haki, mnyoofu mpaka anachosha, ambaye nguvu zake zinatoka kwenye mabuti ya shaba. Babu yake ni Puma Loco, jambazi mkongwe mwenye kofia pana ya dhahabu inayogeuka kuwa mashine ya vita. Watoto wanamwita kama Manny anavyomwita, Granpapi. Manny mwenyewe ana mkanda. Akizungusha kile kifungo chake cha chuma anageuka El Tigre, mwenye makucha ya chuma na wepesi wa paka. Swali la hadithi nzima ni moja: Manny atakuwa mwema kama baba au mwovu kama babu? Wote wawili wanamvuta, kila mmoja kwa upendo wa kweli.

(Kwa wanafunzi wapenzi wa lugha: Meksiko haina chuimilia porini. Watu wa huko wamezoea kumwita jagwa wao “tigre”, na ndivyo jina lilivyoingia.)

Waliobuni katuni hii ni mke na mume, Jorge R. Gutiérrez na Sandra Equihua. Jorge alizaliwa mji mkuu wa Meksiko mwaka 1975 akakulia Tijuana, mji ulio mpakani na Marekani, na Sandra ni mzaliwa wa Tijuana. Hili ni jambo kubwa na tunaomba wasomaji wasilipite haraka. Sisi Waislamu, na sisi tunaosema Kiswahili, tunajua vizuri ladha ya kuchorwa na watu wengine. Disney walipotoa Aladdin mwaka 1992, wimbo wa mwanzo uliielezea nchi ya Waarabu kwa namna ambayo Waarabu wa Marekani walilalamika, na maneno ya wimbo yakabadilishwa mwaka 1993. The Lion King ya 1994 ilijaa maneno yetu, Simba, Rafiki, Pumbaa, lakini hakuna hata binadamu mmoja ndani yake, na “hakuna matata” ikasajiliwa Marekani kama alama ya biashara ya kampuni. Watu wengi hawakujua mpaka malalamiko yalipozuka mwaka 2018. Wameksiko nao walikuwa na panya wao, Speedy Gonzales wa Warner Bros., mwenye mbio za ajabu na kofia kubwa, amezungukwa na panya wenzake wavivu. Cartoon Network iliacha kumwonyesha mwaka 1999 kwa hofu kwamba anawadhalilisha Wameksiko, na cha kushangaza ni Walatino wenyewe wa Marekani waliodai arudishwe, akarudi mwaka 2002. Walisema panya yule alikuwa hodari na mwerevu, na wao walimpenda tangu utotoni. Kwa hiyo suala la nani adhihakiwe na nani asidhihakiwe haliamuliwi ofisini na watu wasiohusika.

El Tigre imechorwa kutoka ndani ya nyumba. Kuna masharubu, kofia na vyakula vya kila namna, na mtazamaji anaweza kusema hii ni Meksiko ya mabango ya watalii. Lakini ukitazama kwa makini utaona mambo ambayo mgeni asingeyafikiria: vizazi vitatu kugombania bafu moja, babu anayempa mjukuu pesa kwa siri ili baba asijue, mama aliyeachana na baba kwa sababu hakuweza tena kuishi na hofu kwamba mumewe hatarudi kazini salama. Hayo huyachori kwa kusoma kitabu cha safari. Watoto wetu walimwona babu yao marehemu kwenye ile tabia ya kupeana pesa kwa siri, na sisi pia.

Sasa tuje kwenye mifupa, maana tuliahidi. Adui mkubwa katika hadithi ni Sartana, mwanamke wa mifupa mitupu mwenye gitaa la kichawi, na akilipiga majambazi waliokufa wanafufuka kumtumikia. Mtoto wetu wa miaka mitano alilia usiku. Wazazi wenye watoto wadogo wajue hivyo. Mtoto wa miaka minane aliuliza kama wafu wanarudi kweli, na hapo ilitubidi tuisimamishe katuni tuzungumze. Tulimweleza kwamba Wameksiko wengi, tarehe 1 na 2 Novemba kila mwaka, huadhimisha Siku ya Wafu: wanaweka meza yenye picha za marehemu wao, maua ya rangi ya machungwa na mikate maalumu, wakiamini roho zinakuja kutembelea jamaa. Tukamweleza kwamba sisi imani yetu ni nyingine: aliyekufa yuko barzakh, na kinachomfikia kutoka kwetu ni dua na sadaka, si chakula. Alikubali kwa urahisi kabisa, akauliza kama tunaweza kumwombea babu sasa hivi. Tukamwombea. Kwa hiyo mifupa yenyewe haikutuletea madhara ambayo hatukuweza kuyatatua kwa dakika kumi.

Lakini kama wakosoaji tuna neno juu ya mifupa hiyo. Fuvu linalocheka ni la Meksiko tangu zamani, na aliyelipa umaarufu ni José Guadalupe Posada, mchoraji wa magazeti ya bei rahisi aliyefariki mwaka 1913. Mifupa yake ilikuwa na ujumbe. Maarufu kuliko yote ni ya bibi aliyevaa kofia ya Kizungu yenye manyoya, mifupa mitupu chini yake, akiwacheka wale wanaojifanya Wazungu na kuikana asili yao: vaa utakavyo, mwisho wako ni huu. Hata imamu angeweza kuitumia picha ile kwenye hotuba ya Ijumaa. Ndani ya El Tigre mifupa imepoteza kazi hiyo, imebaki kuwa maadui wa kupigwa na kusambaratika. Jorge Gutiérrez mwenyewe aliirudishia heshima baadaye katika filamu yake The Book of Life ya mwaka 2014, ambamo wafu ni jamaa wa mtu na si majeshi ya jambazi.

Tumefika kwenye kiini cha maneno yetu, na ili tueleweke lazima tuseme kidogo juu ya mieleka.

Meksiko kuna mieleka ya barakoa inayoitwa lucha libre. Watu wanaenda na familia zao kama sisi tunavyokwenda mpirani. Wanamieleka wamegawanyika pande mbili: kuna “técnicos”, wanaofuata sheria na kupigana kwa ufundi, na kuna “rudos”, wanaovunja sheria, wanaovuta nywele, wanaomgeukia refa. Watazamaji wanachagua upande, na wengi, tena watu wazuri kabisa, wanawashangilia rudos kwa sababu wanafurahisha. Mtu mashuhuri kuliko wote katika mchezo huo ni El Santo, jina lake halisi Rodolfo Guzmán Huerta. Alianza kuvaa barakoa yake ya fedha mwaka 1942 akiwa upande wa rudos, licha ya jina lake kumaanisha mtakatifu, na hakuhamia kwa wema mpaka 1962. Alicheza filamu zaidi ya hamsini akipigana na kila aina ya jini na mwovu, na alipofariki Februari 1984 alizikwa na barakoa yake usoni. Kuna hata kasisi mmoja, Sergio Gutiérrez Benítez, aliyepigana mieleka kwa miaka mingi kwa jina la Fray Tormenta ili apate pesa za kulea yatima. Huyo tulimpenda sana sisi nyumbani.

Mwanamieleka akihama kutoka rudo kwenda técnico hakuna aliyedhulumiwa. Pambano likiisha, mwema na mwovu wote wanaoga, wanalipwa, pengine wanapanda basi moja. Uovu wa ulingoni ni staili ya kupigana. El Tigre imeuchukua mgawanyiko huo wa ulingoni ikaumwaga juu ya mji mzima, na hapo ndipo tunapopinga. Puma Loco anaiba benki kwa roho ile ile ya rudo anayevuta nywele. Mjukuu anacheka, sisi tunacheka. Lakini benki ina pesa za watu. Katika vipindi vyote tulivyotazama hatukumwona hata mtu mmoja aliyekwenda benki asubuhi akakuta akiba yake haipo. Maghorofa yanaanguka na hakuna aliyepanga chumba ndani. Wema na uovu vimekuwa kama jezi mbili, na Manny anaambiwa achague jezi akiwa na nafasi, hakuna haraka, na akichagua yoyote kuna mzee mmoja nyumbani atakayefurahi.

Mtoto wa Kimeksiko aliyekulia na lucha libre labda anaielewa mizaha hiyo bila kuambiwa, maana amezoea kutofautisha ulingo na mtaa. Mtoto wetu wa Buyenzi haoni ulingo. Anaona mji.

Na umri wa Manny si wa bahati mbaya. Miaka 13. Kwetu sisi huo ndio umri wa mlangoni. Mtoto anaweza kubaleghe wakati huo, na katika fiqhi ya Imam Shafi, asipoona dalili nyingine, akitimiza miaka 15 ya mwezi amebaleghe. Kabla ya hapo kalamu imeinuliwa juu yake, na baada ya hapo inaandika. Hakuna anayesimama katikati miaka mitatu akionja huku na huku ili ajue ni wapi kunamfaa. Kijana wetu mkubwa ana miaka 14, na hii sehemu tulimweleza yeye peke yake, usiku, si mbele ya wadogo zake.

Sasa, jambo lililotufanya tuandike. Katika familia yetu yupo mjomba wa watoto, kaka wa mmoja wetu, ambaye miaka hii ya uhaba wa mafuta anauza petroli ya magendo. Anainunua ng'ambo ya mpaka, anaileta kwa madumu, anaiuza hapa mjini mara mbili au tatu ya bei ya kituo, kulingana na siku. Kila mtu katika ukoo anajua. Ni mtu mwenye mkono wazi. Analipia karo za watoto wawili mayatima wa marehemu dada yake, Idi haingii bila yeye kuleta kitambaa cha kanzu, anawabeba watoto mgongoni ingawa kiuno kinamuuma. Watoto wanampenda kuliko wanavyotupenda sisi, maana sisi ndio tunaowaamsha Alfajiri.

Siku moja baada ya kipindi, binti yetu wa miaka 11 akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: “Kwani Mjomba ni kama Granpapi?” Kaka yake akamjibu kabla yetu: “Mjomba ni rudo.” Wakacheka. Nasi tulishindwa kucheka.

Kwa sababu pale katuni ilipoacha nafasi tupu, mtaani kwetu pana mtu. Jirani yetu wa nyumba ya tatu anaendesha teksi. Kituoni anapanga foleni usiku kucha na wakati mwingine asubuhi anaondoka bila kitu, kwa hiyo ananunua kwa mjomba. Akinunua, siku nzima anafanya kazi ya kulipia dumu lile. Mke wake huja kwetu kuazima unga, na watoto wetu ndio wanaompimia. Wanaujua unga ule, na wanaijua petroli ile, lakini walikuwa hawajaviweka pamoja. Tuliviweka pamoja siku hiyo. Binti akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo waandishi wa Miracle City hawakumpa mtu yeyote kuliuliza: “Sasa tusimpende?”

Tulimjibu kwa kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.) na baba yake, ambaye alikuwa mwabudu masanamu na alimtishia mwanawe kumpiga mawe. Ibrahim alimwambia ukweli waziwazi, lakini kila mara akimwita kwa lile neno la mtoto kwa baba yake, na alipofukuzwa aliondoka kwa amani akimwombea. Tukamtajia pia alivyousiwa mtoto katika Sura ya Luqman: wazazi wakikushurutisha katika uovu usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Yote mawili kwa pamoja. Na hapa lazima tuwape haki waliobuni El Tigre, kwa sababu nusu ya jambo hili wameionyesha vizuri kuliko katuni yoyote tuliyowahi kuiona. Manny anampenda babu yake kweli. Baba mtu, shujaa mzima, anaishi na baba yake jambazi chumba kwa chumba, anamkamata, anamkaripia, na jioni anamwandalia chakula. Katuni nyingi zinamtoa mwovu nje ya nyumba, na mtoto anakua akidhani waovu ni watu wa mbali wenye sura mbaya. Hii imemweka mezani akiwa na kijiko mkononi. Kilichokosekana ni ile nusu ya pili, ile ya kutotii. Manny akiitwa na babu kwenye wizi, mara nyingi anakwenda, na kipindi kinatengeneza kicheko.

Nusu hiyo ya pili ilitufikia sisi mapema kuliko tulivyotarajia. Mjomba alimwomba kijana wetu amsaidie kupakia madumu siku za Jumamosi, kwa malipo mazuri. Kijana alitaka sana. Anataka viatu vya mpira, na sisi tulikuwa tumemwambia asubiri. Tulikataa. Kijana alikasirika, akatuambia kwamba karo za binamu zake zinatoka kwenye madumu hayo hayo na hatujawahi kuzirudisha. Ni kweli, na hatukuwa na jibu rahisi la kumpa. Tulimwambia kwamba mayatima hawakuchagua, na yeye anachagua. Tukaanza kuchangia karo hizo sehemu tunayoiweza, ambayo ni ndogo. Mjomba alipojua sababu aliumia, akakaa wiki tatu bila kuja. Alipokuja watoto walimkimbilia kama kawaida, wakambusu mkono, akawabeba mgongoni. Biashara yake inaendelea. Kijana Jumamosi haendi. Hatujui tutaishia wapi, tunamwomba Allah atuongoze sote, na yeye mjomba wa kwanza.

Tusisahau wanawake wa katuni hii, maana binti yetu hakusahau. Kuna familia ya maadui inayoitwa Flock of Fury, mabinti wa ndege: bibi, mama na Zoe, msichana anayesoma darasa moja na Manny. Bibi alimpenda Puma Loco zamani akaachwa. Mama alimpenda Rodolfo akaachwa. Sasa Zoe anampenda Manny na kumchukia kwa wakati mmoja, amerithi chuki ambayo hakuianzisha. Sisi watu wa maziwa makuu tunajua chuki za kurithi zinavyofanya kazi, na tuliona hapo palikuwa na hadithi nzito kuliko mapigano yote ya Sartana. Katuni imeipitia kwa vichekesho na kwenda zake. Rafiki wa Manny, Frida Suárez, ni binti wa mkuu wa polisi na mama yake ni hakimu, lakini yeye ndiye anayemvuta Manny kwenye kila upuuzi. Kuna ukweli mchungu humo kwa wazazi tunaodhani cheo chetu msikitini kinamlinda mtoto. Ama mavazi ya baadhi ya wanawake na habari za mapenzi ya shuleni, hayo yamo kwa kiasi, na kila nyumba ina kipimo chake.

Wengine wametuuliza kwa nini tusiwatafutie watoto mashujaa wa Kiislamu tukamaliza. Wapo waliojaribu. Naif al-Mutawa wa Kuwait alianzisha The 99 mwaka 2006, mashujaa waliopewa sifa kutokana na majina 99 ya Allah, na baadhi ya wanazuoni wakaipinga vikali kwa sababu hiyo hiyo. Pakistani ilitoa Burka Avenger mwaka 2013, mwalimu anayelinda shule ya wasichana kwa vitabu na kalamu. Hiyo watoto wetu waliipenda, ila hawakuijadili. Waliona nani mwema na nani mbaya tangu dakika ya kwanza, wakamaliza, wakaenda kucheza.

Utaratibu tulioupanga nyumbani ni huu. Wa miaka mitano haitazami. Wa miaka minane anatazama tukiwepo. Wakubwa wanatazama, na kila Puma Loco akiiba wanatakiwa kutuambia ameiba cha nani. Mwanzoni walilalamika kwamba tunaharibu utamu, lakini sasa wanashindana. Juzi binti alisema mwenye mkokoteni wa matunda uliopinduliwa kwenye mapigano ana watoto sita na leo hawatakula, na kaka yake akabisha kwamba ni wanne.

Wameanza pia kutuomba Maya and the Three, kazi ya Jorge Gutiérrez ya mwaka 2021 huko Netflix, yenye vipindi tisa. Ile ina miungu ya kubuni iliyojengwa juu ya dini za kale za Meksiko, nayo inaabudiwa, inaogopwa na kupiganwa nayo waziwazi, jambo zito zaidi kuliko mifupa ya Sartana. Tunaitazama kwanza sisi wenyewe, usiku, watoto wakiwa wamelala. Tuko kipindi cha nne.